Mizani ya Bi Ghalya

Nimestaafu ukaguzi wa vipimo, wilaya ya Mpwapwa.
Miaka thelathini nimegonga mihuri kwenye mizani za mabucha,
nimewatoza faini wenye lumbesa.
Kabla ya hapo nilikuwa mshika mdomo wa gunia
dukani kwa Nasor bin Seif, shilingi mbili kwa siku,
na aliyepima karanga alikuwa bintiye
aliyesomea kuimba Kairo, miaka sita.

Mwaka wa kwanza hakuimba. Alifundwa pumzi:
alale chali, kitabu kizito juu ya tumbo,
akinyanyue, akishushe, mpaka kitabu kichoke.
Wa pili, Kurani: wapi pa kuvuta, wapi pa kukata.
Wa tatu wakamfungulia rasti, wa nne bayati,
na mwalimu, bibi mwenye nywele tatu kidevuni,
alimgonga magoti kwa rula
kila sika iliposhuka unywele mmoja.

Kisha simu ya maandishi: BABA KIHARUSI NJOO.
Alishuka Gulwe saa nane usiku,
udi kaufunga kwa blanketi kama mtoto mwenye homa,
akamalizia safari juu ya lori la chumvi.

Katibu tarafa alimuuliza amesomea nini.
Akasema, makamu.
Yule akaandika, akainua kalamu: makamu wa nani?
Bi Ghalya alicheka peke yake hadi jioni,
huku akipima mafuta ya taa kwa faneli.

Hadharani aliimba mara tatu, basi.

Kongwa, harusini, nyuma ya pazia la maua:
akina mama walimsikiliza kwa adabu,
mmoja akauliza ngoma inaingia saa ngapi.

Dodoma, ukumbini, siku ya Sabasaba:
walimpa mpiga piano, kijana wa chuo cha ualimu.
Akaitafuta sika yake kati ya jino jeupe na jino jeusi.
Haikuwapo.
Akanyamaza katikati ya ubeti,
akamwinamia yule kijana, asijione mkosa,
akashuka.

Ya tatu ni gari la redio. Walirekodi dakika kumi na moja.
Alhamisi nane tuliizunguka redio ya duka,
wateja tukiwanyamazisha kwa kidole.
Ya tisa, wakasoma bei ya alizeti.

Sikumwona akilia. Nilimwona akifuta kaunta.

Mwaka wa njaa akaja Ndahani wa Chipogoro
na gunia lisilojaa, zeze mgongoni.
Foleni ilikuwa ndefu. Akapiga ili asisinzie,
kwa Kigogo, habari za ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.
Mkono wa Bi Ghalya ukasimama juu ya mizani.
Rudia hapo.
Akarudia.
Hapo, hapo! Nani kakufundisha?
Nani anifundishe? Ndivyo waya unavyotaka.

Na pale pale, kanzu imejaa vumbi la maganda,
akaifuata sauti ile kwa Kiarabu,
polepole, mdomo karibu umefungwa,
mpaka watu wa foleni wakasahau zamu zao
na mbuzi wa jirani akala robo kilo ya mtama
bila mtu kusema lolote.

Gunia lile lilikuwa kilo arobaini na moja.
Niliiona sindano kwa macho yangu.
Akaandika arobaini na tatu.
Ndilo kosa pekee nililowahi kumkuta nalo,
na sikuliripoti, ingawa sikuwa na cheo bado.

Alikufa mfungo wa mvua kubwa, reli imekatika,
mpwa wake wa Maskati akakosa maziko,
akaja baadaye kuchukua udi.
Mizani hakuitaka.

Iko kwangu, varandani.
Siku nyingine naitundikia jiwe la shaba
na kuitazama sindano ikitetemeka
kati ya mstari na mstari,
mahali ambapo kitabu chetu cha kazi hakikupa jina.
Sheria inasema usubiri itulie, ndipo uandike.
Nasubiri. Sina kalamu hata hivyo.